Kantini ya Papa Badibanga

Kenya, mutaa ya Lubumbashi, tarehe 9/8/2023

Hapana, yaya Laurentine, dada yangu mukubwa, haina bamwizi njo balichimba. Ni mimi. Osée anakuambia kama lupango ya papa, kiwanja yote, inakuwa sawa nguruwe balilala ndani, na weye unaniuliza ni nani alifanya vile. Ni ndogo yako Rigobert, na mikono yake mbili, na pelle ya kuchimbia, ya kuazima. Mais ule Osée pia, kazi yake ni kuendesha camion, kubeba maharagi na barua. Habari ya mashimo haikuwe mu mizigo yake.

Ona, nilianza na majibu, nasahau salamu. Jambo yako, yaya. Huku tuko bazima. Mama anakula muzuri, bukari ya mahindi na sombe ya majani ya mihogo, anamaliza sahani, kisha anauliza chakula itakuya saa ngapi. Mimi ananiita Stanislas. Namuitika na sauti ya papa, ile ya mu pua, anafurahi. Bibi yangu Lydie anauzisha ndakala ku soko. Nyumba yote inanuka samaki, paka ya bajirani zinanifuata mu njia sawa mimi njo padri yabo. Batoto banasoma. Bote balishapita fasi mimi nilifika, mwaka ya ine ya masomo, na banakuya kunisahihisha mbele ya bageni. Antenne yenu kule mission ikiamuka, tutaongea ku telephone sawa bantu. Kwa sasa, karatasi.

Bon. Mambo ya mashimo. Mwezi yenye ilipita, mwanamuke moja alipiga hodi. Jina yake Sephora. Anatoka Mbuji-Mayi, alisafiri siku kenda, miguu ilivimba sawa mikate. Anasema papa yake aliitwa Badibanga, fundi ya kushona. Mwaka ya 93, wakati bantu ya Kasai balikuwa banafukuzwa hapa na kupandishwa mu train, ule Badibanga alichimba shimo mu lupango, akaweka kantini, sanduku ya chuma. Ndani, kichwa ya machine ya kushona, na vitu vingine. Sephora alikuwa na miaka ine. Papa yake alikufia mu njia. Mama yake alikufa mwezi ya tano ya mwaka huu, na mbele ya kufa alimuambia haya tu: kantini iko mu lupango, kule Kenya, uliza Stanislas ya chemin de fer, ya kazi ya train.

Njo anakuya kuuliza Stanislas. Nikamuambia Stanislas alishakufa, miaka saba, mais mutoto yake iko, na kwa kuchimba haogope hata kaburi. Tukapatana. Yeye atakamata machine ya papa yake, vingine tutakata katikati. Nikaenda kuita Chama, creuseur ya zamani, muchimba madini, mwenye iko na ile machine inasikiaka chuma chini ya udongo. Ni sawa fimbo, ku mwisho iko sahani, na ku masikio unavaa écouteurs. Chama halombe kulipwa. Analomba sehemu moja mu tatu.

Yaya, ile machine ililia. Ililia mbele ya mulango, ililia ku jikoni, ililia chini ya kiti ya mama. Ililia fasi yote, sawa mwanamuke mwenye aliingia ku kilio na hajue ni nani alikufa. Sababu ya nini? Sababu ya papa. Unakumbuka mabwe nyeusi ya fonderie, ile mawe ya scories yenye inabakia nyuma ya kuyeyusha shaba, yenye papa alikuwa analeta na mukokoteni, pousse-pousse yake, kwa kupandisha lupango, mvula isiingie? Bantu mingi ya Kenya balifanyaka vile, mais papa alipitisha kipimo. Fasi ingine inafika kimo ya muntu. Na ile mabwe ndani yake iko chuma, iko mukuba ya shaba, iko kila kitu. Chama anasema kwa machine yake lupango yote ni kantini moja.

Njo nachimba na bahati tu. Mashimo tano sasa. Weye ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi mbili, nilikuwa nakula udongo, sikuwa naangalia nani anachimba. Uniambie fasi. Neno moja tu. Nitakutumia kikwembe muzuri ya kuvaa.

Ndogo yako mwenye vumbi,
Rigobert


Mission, karibu na Kongolo, 17 septemba 2023

Kwa ndogo yangu Rigobert,

Barua yako ilifika na mafuta ya ndakala juu yake, nikajua ni yako mbele ya kuifungua. Mimi niko muzima. Mugongo unauma asubui, kisha unasahau. Masista wameniachia jikoni yote. Watoto wa internat, wale wanaolala hapa, wako mia moja na kumi, na wote wanakula sawa wewe. Nimetuma maharagi, nusu gunia. Usiuzishe.

Ile mashimo, yafunike. Mvula iko karibu, na nyumba ile ni ya matofali ya udongo. Mama alale fasi kavu.

Siku ile nilikuwa masomoni. Sikuona kitu. Ni miaka mingi, nilisahau.

Huyo mwanamuke, iko na kovu ya moto ku mukono wa kushoto, juu ya kiwiko? Nauliza tu. Mupe chakula, mupe chai, umusindikize ku gari arudi kwabo. Usimuache peke yake na mama.

Salimia Lydie. Nawaombea kila siku.

Yaya yako,
Laurentine


Kenya, tarehe 6/10/2023

Yaya ya mimi,

Maharagi ilifika, sikuuzishe, ni Lydie njo aliuzisha. Lakini tulikula ya kutosha, na mama alisema ile maharagi inatoka kwa muntu mwenye anajua kupika. Nikamuambia ni Laurentine. Akauliza kama ulishatoka masomo.

Sasa mimi nikuulize kitu. Unasahau siku muzima, na unakumbuka kiwiko. Ndiyo, kovu iko, ku kushoto, sawa jani ya sombe. Nilimuuliza Sephora nani alimuchoma. Anasema mama yake alimuambia ni uji, lakini hakumuambie nani alikuwa anashika sufuria.

Kumusindikiza ku gari haiwezekane. Alipata fasi ya kulala kwa mama moja wa parokia, anakaanga mikate, anauzisha ku barabara. Kila siku ya posho, jumamosi, anakuya na mikate ya moto kwa mama. Unasema nisibaache peke yabo. Yaya, utatenganisha namna gani bantu bawili benye banasukana nywele? Mama anamuita Ngalula. Sephora alishangaa, juu Ngalula ilikuwa jina ya mama yake. Alianza kulia na kichanuo mu mukono. Mimi nikatoka inje, nikajifanya niko natafuta pelle.

Chama alirudi. Alizungusha kifungo fulani, anasema sasa machine itaangalia chini sana, itaruka mabwe. Haikuruke. Nikaamua kutosha mabwe mi mwenyewe, kuyaondoa mustari moja toka ku mulango ya barabara mpaka ku jikoni. Siku kumi na moja. Nilipata: mukono ya kinga ya papa, baiskeli yake ya zamani, misumari ya njia ya train kumi na mbili, kijiko, na sahani yenye Lydie alikuwa anashitaki jirani kama aliiba. Nilienda kulomba jirani musamaha. Alinipiga na kandambili, mais kwa heshima.

Nikiwa ndani ya shimo, mama alitoka, akasimama juu yangu. Akasema: "Stanislas, haina pale. Iko chini ya mupapayi. Weye mwenyewe unajua."

Mupapayi gani? Hapa hakuna mupapayi. Sikumbuke hata moja. Nikamuuliza, alishaenda mbali mu kichwa yake, anauliza chakula.

Ku chumba ya mama ukuta ilianza kupasuka, kidogo tu, mukono inaingia. Mvula ya kwanza ilinyesha jana. Uniambie basi mupapayi ilikuwa wapi, nimalize, nifunike, tulale.

Rigobert, mwenye hata kandambili haimusimamishe


Mission, 12 novemba 2023

Rigobert,

Tuliumwa hapa, malaria, watoto na mimi. Njo sababu ya kukawia. Sasa ni muzuri.

Mupapayi ulikuwa nyuma, karibu na choo ya zamani, ku kona ya ukuta wa jirani. Chimba pale, usichimbe fasi ingine. Ukikosa, umuambie Sephora kama imepotea, na umuache aende.

Utoshe mama mu kile chumba. Alale na Lydie.

Laurentine


Kenya, tarehe 3/12/2023

Yaya,

Nilichimba ku choo ya zamani.

Sitaandika mingi juu ya ile. Unajua choo ni nini na zamani ni nini. Nilishuka metre mbili na nusu, na nilichopata papa na bajirani baliweka pale kwa miaka mingi, na haikuwe kantini. Bajirani balihama siku tatu. Paka pia ziliniacha. Lydie alinilalisha inje, anasema sasa anakumbuka harufu ya ndakala na hamu. Batoto balipata wimbo juu yangu, ni wimbo muzuri, wewe utacheka siku moja.

Sasa ile yenye haichekeshe.

Siku ya posho, tarehe 25, mvula ilikuya na nguvu. Mashimo yote ilijaa, maji ikatafuta njia, ikapata chini ya chumba ya mama. Nilisikia tu sauti sawa muntu anashusha gunia. Ukuta ya inje ililala. Yote, juu ya kitanda. Yaya, mama hakukuwe ku kitanda. Alikuwa ku jikoni, Sephora alikuwa anamusuka. Barua yako ilifika nyuma ya ile, siku mbili, na ilisema "utoshe mama mu kile chumba." Niliisoma nikiwa nimesimama juu ya matofali. Sikupata hata kitu ya kuchekesha, na weye unanijua.

Tuliingia kuangalia. Ukuta ya ndani, ile inagusa nyumba, plâtre ya kuipakaza ilianguka. Nyuma yake kuko mulango. Mulango ya zamani, na mbao yake juu, ilizibwa na matofali. Mi nimezaliwa, kusema vile, mu hii nyumba na sikujua kama pale iko mulango. Mama alikuwa nyuma yetu, nywele nusu. Aliangalia, akafurahi. Akasema: "Ah. Mulango ya Ngalula. Nilikuambia, Stanislas, kama uliziba vibaya."

Sephora alifikiri mama anamuongelesha yeye, juu anamuitaka Ngalula. Akasema, "Ndiyo mama." Mais mimi niliangalia ile mulango.

Chama alikuwa anakuya na machine. Nilimurudisha ku barabara. Nilimuambia betri yangu njo iliisha.

Yaya, sababu ya nini nyumba yetu iko na mulango ya Ngalula?

Rigobert


Mission, 20 januari 2024

Ndogo yangu,

Niliandika hii barua mara sita, nikapasua. Osée alipita mara mbili, nikamuambia sina kitu. Leo amesimamisha camion na anakula jikoni. Nitaandika mpaka amalize sahani.

Nilikudanganya. Ku choo nilikutuma kwa kusudi. Na siku ile sikuwa masomoni, masomo yalifungwa.

Ile nyumba ni yabo. Ni ya papa Badibanga. Sisi tulikuwa locataires, wapangaji wake, mu chumba kimoja cha nyuma, pale Lydie anapikia leo. Papa, mama, mimi, na wewe ku mugongo wangu. Sephora pia nilikuwa namubeba. Mama Ngalula alikuwa anakwenda soko na kuniachia yeye. Sufuria ya uji ilikuwa mu mukono wangu. Hakunipiga. Alinipa siagi nipake mutoto.

Siku ya train, papa Badibanga na papa walichimba pamoja mbele ya mulango, chini ya mupapayi. Waliweka kichwa ya machine ya kushona na karatasi ya lupango, ndani ya kitambaa cha plastiki. Alimuambia papa: "Stanislas, uchunge nyumba, tutarudi." Papa akasema ndiyo. Mimi niliwasindikiza mpaka ku gare ya train. Sephora alikuwa anataka kubaki na mimi, nilimutosha vidole ku nguo yangu kimoja kimoja.

Papa hakuwa mubaya. Miezi ya kwanza alikuwa anafagia ndani, anafunga, tunalala nyuma. Kisha watu walisema nyumba tupu itakamatwa na waaskari, tukaingia juu ya kuichunga. Mwaka ulipita. Hakukuja barua. Mwaka wa pili, mutu moja ku kazi alimuambia papa kama kuko wale wa Kasai wanaanza kurudi. Ile posho papa akaleta pousse-pousse ya kwanza ya mabwe nyeusi.

Haikuwa juu ya mvula, Rigo. Maji haikuingiaka mu ile lupango, iko ku mulima kidogo. Wewe njo uliingiza maji na mashimo yako. Kila posho, miaka mitatu, papa alivuta mbele na mimi nilisukuma nyuma. Kisha akakata mupapayi, akajenga chumba cha mama juu yake, akaziba mulango. Hatukusema kitu hata siku moja. Nilipopata miaka makumi mbili nikakuja huku. Mulifikiri nilipenda masista.

Kantini iko chini ya kitanda cha mama. Jina la ku karatasi si Stanislas.

Osée amemaliza. Sijui nikuambie ufanye nini. Kama ningejua ningefanya mimi.

Laurentine


Kenya, tarehe 18/2/2024

Kwa yaya Laurentine,

Salamu mbele, juu hii mara sitaki kuanza na mashimo. Tuko bazima. Lydie iko na mimba, batoto banasema kama ni mwanaume aitwe Kantini. Mama analala kwetu, mimi nalala na batoto, na banapiga mateke sawa banalipwa. Mikate ya Sephora inauzishwa muzuri. Chama anauliza sehemu yake kila juma. Nilimuambia siku tutafukuzwa, yeye pia atafukuzwa, sehemu moja mu tatu. Hakuelewe. Alicheka tu, na mimi nikacheka.

Barua yako niliisoma ku soko, katikati ya ndakala. Kisha nikarudi, nikaazima machine ya Chama, nikamuambia ni ya kuangalia kitu kidogo. Niliingia peke yangu mu chumba ya mama. Yaya, mule machine ililia sawa fasi ingine. Haikulie nguvu, haikulie kidogo. Sawa tu. Papa alikuwa anajua kazi. Kama haungeandika, ningechimba mpaka Zambia na singejua.

Sikuchimbe. Pelle niliirudisha kwa mwenyewe, na nilimuambia asante sana, akauliza kama niko mugonjwa.

Najaribu kuona njia. Nikifungua, mama atalala wapi? Ana miaka makumi saba na tatu, anajua njia mbili tu, ya jikoni na ya mulango. Nikifunga, siku ya posho Sephora atakuya na mikate, atasema "Rigo ndugu yangu, tutapata tu," juu yeye njo ananitia moyo sasa, na mimi nitakula ile mikate. Niliikula jana. Ilipita vibaya, mais ilipita.

Na haiishie pale. Juzi alifika na pousse-pousse. Matofali mia mbili, ya kuchoma, haina ya udongo. Alisukuma yeye mwenyewe toka ku barabara. Anasema aliuza mikate juu ya ile, mama asipigwe na upepo, na kama ukuta ilianguka ni juu ya kantini yake yeye. Analomba musamaha, yaya. Analomba sisi musamaha. Mama alimushika mukono, hapa ku kovu, akasema: "Ngalula, mutarudi lini?" Sephora akasema: "Nilisharudi, mama." Mimi nilikuwa nahesabu matofali. Nilihesabu mara tatu, haikubali kuwa mia mbili.

Basi sikiliza, nakupa mapatano. Mimi maisha yangu yote ni mapatano, nilipatanisha hata mbuzi na mwenye kuuzisha nyama, mais hii njo ya kwanza yenye siko na faida ndani.

Fundi atakuya kujenga ukuta siku ya pili nyuma ya Pasaka, asubui. Osée anatoka kwenu juma mbili mbele ya Pasaka, barabara ikiwa mubaya sana anafika siku kumi. Weye upande. Tutatosha kitanda. Weye utakamata sikio moja ya kantini, mimi ile ingine, tutaitosha mbele ya Sephora, hapana nyuma yake. Kusema utasema weye, juu mimi sijue kusema kitu bila kuchekesha bantu, na ile siku haifai. Mimi nitashika mama. Kisha tutamulomba ile chumba ya nyuma, ile moja, sawa zamani. Lydie atapikia inje. Akikatala, nitaweka mama mu pousse-pousse na tutaona barabara inaishia wapi, na sitakuambia hata neno moja mubaya mpaka kufa.

Mais kama fundi anafika na weye haufike, nitamupa ile matofali. Nitamupimia udongo, nitamuletea maji, nitasukuma pousse-pousse sawa vile weye ulisukuma. Na hatutaandikiana tena juu ya ile. Utaniuliza habari ya mama, nitakujibu anakula muzuri.

Fasi yako ku camion nilishaibakisha, mbele, karibu na dirisha. Osée nilimulipa na machine moja ya kusuka nywele yenye nilikuwa nauzisha, ilishakufa lakini hajue. Ukiitika, hapana andika. Panda tu.

Ndogo yako,
Rigobert